Mistari Miwili kwenye Bomba la Foki

Sogeeni. Mwenye simu aiweke mfukoni, mwenye usingizi aende akalale sasa hivi, maana hii ukikosa kipande kimoja tu utahukumu vibaya, na mimi hukumu mbovu inaniumiza kichwa. Mara ya mwisho niliisimulia kwenye harusi ya jirani yetu hapa Igunduma. Wali ulipoa! Bwana harusi alisimama upande mmoja, bibi harusi upande wa pili, na mpaka leo kwa jambo hilo hawajapatana.

Watu wenyewe ni watatu, na kila mmoja ana kipaji chake.

Wa kwanza ni Kwandu, fundi cherehani. Huyu mama akikuona unapita barabarani anakijua kiuno chako kuliko unavyokijua mwenyewe. Ameshona miaka thelathini na hajawahi kumpa mteja gauni linalobana, kwa sababu ana mazoea ambayo huwezi kumwondolea hata ukimfunga kamba: akichora mstari wa kushonea, lazima achore na wa pili nje yake, wa kukatia. Ile nafasi ya katikati ndiyo pindo. "Mimi siwezi kukata bila pindo," huwa anasema. "Mkono wenyewe unakataa."

Wa pili ni Luhende, fundi wa mageti na madirisha. Akishika msumeno wa chuma unaweza kumwekea kikombe cha chai begani na tone lisimwagike. Hana maneno mengi. Mwonyeshe mstari, atakata palepale penye mstari. Usipomwonyesha, atakaa kwenye kigoda akusubiri mpaka kesho.

Wa tatu ni Holo, mke wa Luhende, anayeendesha mashine ya kusaga pale sokoni. Kipaji chake ni kuuliza. Jamani, Holo anauliza! Mwambie mvua inakuja, atakuuliza inatokea upande gani na nani kakuambia. Wateja wanamlalamikia, lakini mashine yake haijawahi kufa katikati ya msimu, kwa sababu ikibadilisha mlio kidogo tu anaizima na kuanza kuihoji kama mtuhumiwa.

Mimi nami nilikuwepo. Nilikaa kibarazani kwao nikimenya karanga, na mchango wangu ulikuwa kuzila zile nilizomenya. Kwa hiyo mimi msinihesabu.

Sasa, mwenye shida alikuwa Nkwimba, mdogo wake Luhende. Mama yao alifariki Nkwimba akiwa hajaanza shule, akalelewa na shangazi yake, ambaye ndiye huyo Kwandu. Alipokua akahamia kwa kaka yake, na wifi yake Holo ndiye aliyemfundisha kupanda baiskeli, akikimbia nyuma huku ameshika kiti na kuuliza, "Unaanguka? Unaanguka?" Leo hakuna mwanamke wa upande huu anayemshinda Nkwimba kwenye baiskeli, na wanaume wanaomshinda hawafiki watano. Wapo watakaobisha. Waje tukimbie nao.

Mwaka ule sikukuu ya mavuno ilikuwa na mbio za wanawake, kilomita sitini. Tangazo lilisomwa kwa kipaza sauti siku tatu mfululizo: mshindi ataondoka Jumapili ileile kwenda kwenye kambi ya timu, miezi mitatu, na atakwenda na fundi wake. Fundi naye atafundishwa kazi na mafundi wakubwa, na atarudi na sanduku zima la vifaa. Fundi mmoja. Kiti ni kimoja, kitanda ni kimoja. Mmesikia? Mmoja.

Ijumaa, siku mbili kabla ya mbio, Nkwimba alimkwepa mbuzi akaingia mtaroni. Yeye akatoka na magoti yamechubuka, lakini foki ya baiskeli ilipinda mpaka gurudumu likagusa fremu.

Kwa asiyejua, foki ni ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Juu yake kuna bomba linalopanda kupitia kichwa cha fremu na kuchomoza upande wa pili, na hapo ndipo kishikio cha usukani kinapolivaa na kulikamata. Bomba likiwa refu, unalikata. Likiwa fupi, umekwisha! Ukiliunga kwa kuchomelea, litakuachia siku unayoshuka mlima, na meno yako tutayaokota kwa ungo.

Igunduma nzima ilipatikana foki moja tu ya kumfaa, imelala chini ya rundo la vyuma vya mitumba, na bomba lake halijawahi kukatwa. Lilizidi kwa karibu shibiri nzima. Mafundi baiskeli wetu wawili walikuwa wameshachukuliwa na waendeshaji wengine, na nani atakwenda kumwomba fundi wa mpinzani wake amkatie bomba? Umeme ulikatika tangu Alhamisi, kwa hiyo grainda ya Luhende ilikuwa pambo. Ulibaki msumeno wa mkono, wenye wembe mmoja uliopukutika meno upande mmoja. Na foki ile ukiikosea kukata, hakuna nyingine. Hakuna mbio, hakuna kambi, basi.

Jumamosi mchana Nkwimba alilazimika kwenda mwenyewe mjini kuandikisha jina. Kabla ya kuondoka aliwakusanya uani.

"Bomba liishie chini ya mdomo wa juu wa kishikio, unene wa kucha tu," alisema. "Likifika juu, kifuniko hakitabana na usukani utacheza. Likizama sana, kishikio hakitakuwa na cha kushika. Shangazi, wewe pima. Kaka, wewe kata. Wifi..." Akasita. "Wifi, wewe angalia tu."

Kuangalia tu! Holo alinitazama mimi. Mimi nikatazama karanga zangu.

Basi Kwandu akapima. Alivaa miwani, akaingiza foki kwenye kichwa cha fremu, akavisha kishikio cha usukani juu yake, akarudi nyuma hatua mbili akaitazama ile baiskeli kama anayemtazama bibi harusi kwenye kioo. Akaifuta kwa kanga, akatoa chaki yake ya buluu. Kupitia mpasuo wa nyuma ya kishikio, unene wa kucha chini ya mdomo wake, akatia nukta. Alipolitoa bomba akaizungushia nukta mstari, mwembamba, duara kamili, akalipima tena kwa futikamba, akaridhika. Kisha, bila mtu kumwambia, mkono ukaenda wenyewe: juu ya ule mstari, upana wa kidole, akachora wa pili.

Hawakuwa na jiriwa ya kubania chuma pale nyumbani, kwa hiyo Luhende akaisimamisha foki ndani ya kinu, miguu chini, akaikaza kwa magunia. Kwandu akakikumbatia kinu kisitikisike. Luhende akafunga klipu mbili za mpira wa maji kuzunguka bomba, akaacha katikati yake upenyo wa kupitisha wembe tu, ili msumeno usiende kombo. Kazi safi. Nilitaka kupiga makofi lakini nilikuwa na karanga mikononi.

"Mbona mistari miwili?" akauliza Holo.

"Wa chini ndio kipimo," Kwandu akajibu. "Wa juu ni pindo."

"Chuma nacho kina pindo?"

Tulicheka, Kwandu mwenyewe akacheka. "Mazoea tu, mwanangu. Achana nao."

"Chuma hakikunjwi," Luhende akasema. "Nakata kwenye kipimo." Na klipu zilikuwa zimefungwa pale pale, kwenye mstari wa chini.

"Kwani kinu kitabaki na harufu ya chuma?" Holo akauliza. Luhende akakaza wembe. "Na vumbi la chuma tutaliweka wapi?" Kwandu akazidi kukikumbatia kinu. "Na huo wembe ukikatika?" Luhende akavuta pumzi kama mtu anayeomba subira kwa Mungu, akaweka msumeno, akavuta mara moja. Krrr! Nywele zilinisimama.

"Beringi ya chini iko wapi?"

"Holo, mke wangu, kwa heshima ya marehemu baba yako..."

"Nauliza tu. Iko wapi?"

"Kwenye kopo. Nimeiloweka kwenye mafuta ya taa pamoja na pete yake."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Basi shangazi amepimaje?"

Ndugu zangu! Luhende aliutoa msumeno taratibu. Kwandu aliachia kinu. Beringi ya chini ndiyo inayokaa kati ya foki na fremu. Bila hiyo beringi, foki inapanda juu zaidi ya inavyopaswa, na mstari unaochora hapo ni uongo mtupu. Kwandu hakujua kama kuna kitu kinakosekana, na Luhende hakumwambia.

Walivua klipu, wakakimbilia kopo, wakaifuta beringi na pete yake, wakavipachika mahali pake, wakairudisha foki kwenye fremu na kishikio juu yake. Tukainama sote wanne kuchungulia kwenye mpasuo wa kishikio, vichwa vikagongana. Ule mstari wa chini, waliouita wenyewe kipimo, ulikuwa umezama ndani ya kishikio upana wa kidole. Wangekata pale, foki imekufa. Na mstari wa juu je? Ule wa pindo, tulioucheka? Ulikaa chini ya mdomo wa kishikio, unene wa kucha. Kucha kamili, haikuzidi wala haikupungua!

Mimi nilipiga yowe, sahani ya karanga ikapinduka. Kwandu alikaa chini akalia na kucheka kwa pamoja.

Lakini subirini, bomba bado halijakatwa. Foki ikarudi kwenye kinu, klipu zikahamia mstari wa juu, na Luhende akaanza. Alivuta polepole, akigeuza bomba kidogo kidogo ili akate kwa kuzunguka. Ule upande usio na meno ulikuwa unakwama, anaunyanyua, anaanza tena. Alipofika robo tatu, wembe ukakatika, paa! Kipande kikaruka mpaka mlangoni.

Wembe mwingine haukuwepo, na duka la vifaa lilikuwa limefungwa kwa sababu ya sikukuu. Luhende alikiokota kipande kilichobaki, kirefu kuliko kiganja kwa kidogo tu, akakiviringisha tambara upande mmoja, akaendelea kukata kwa vidole. Kwa vidole! Saa nzima. Tambara likaanza kuwa jekundu, Holo akamwambia apumzike, akatikisa kichwa. Mkono ukipumzika, alisema, ukirudi unarudi na njia nyingine. Hatimaye kile kipande cha bomba kikadondoka ndani ya gunia. Akapitisha tupa kuondoa makali, nje na ndani, na ule mkwaruzo wa mwanzo, wa kwenye mstari wa chini, nao akaulainisha, ulikuwa mwembamba kama uzi. Holo akaleta kipande cha kioo akakilaza juu ya mkato. Mwanga haukupenya popote.

Nkwimba aliporudi saa kumi na moja, baiskeli ilikuwa imesimama. Alishika breki ya mbele, akaisukuma mbele na nyuma. Hakuna kucheza. Akaachia usukani, ukageuka wenyewe, laini. Akawakumbatia wote watatu, mmoja baada ya mwingine, na Luhende akaficha kiganja.

Mbio zenyewe sitawachosha nazo. Aa, kwa nini nisiwachoshe? Mita mia nne za mwisho zina kona kali ya changarawe kwenye ghala la pamba, na mimi nilikuwa nimesimama palepale. Wa kwanza alikuja dada mmoja wa Kahama, ana miguu kama nguzo za umeme. Nkwimba alikuwa nyuma yake. Yule dada akafunga breki kwenye kona, kama mtu yeyote mwenye akili. Nkwimba hakufunga! Aliilaza baiskeli, gurudumu la mbele likatafuna changarawe, foki ikashika, usukani haukutetema hata kidogo. Akatokea upande wa pili akiwa mbele. Ushindi ulikuwa wa urefu wa gurudumu moja, na sauti yangu haikurudi mpaka Jumatano.

Sasa ndipo penye kazi yenu.

Baada ya kuvishwa taji la majani ya mpunga, mtu wa kamati alimletea Nkwimba karatasi na kalamu. Jina la mshindi lilikuwa limeshaandikwa. Chini yake kulikuwa na maneno *Fundi wake*, na mstari mmoja mtupu.

"Gari linaondoka saa saba kamili," alisema yule mtu. "Mstari huo ukiuacha wazi, tutakupa fundi wetu, na nafasi ya fundi wako itakuwa imepotea. Foki imetengenezwa na nani?"

Nkwimba aligeuka. Wote watatu walikuwa pale, na mara hii hakuna aliyejidai mnyenyekevu.

"Nimekulea, sijawahi kukuomba kitu," akaanza Kwandu. "Leo naomba. Bomba lilikatwa kwenye mstari gani? Wangu. Pasingekuwa na mstari wa pili, wangekata wapi? Macho yangu kwenye sindano yamechoka, mwanangu. Nataka kujifunza kazi nyingine kabla hayajaniacha kabisa."

"Shangazi, nakuheshimu," Luhende akasema, "lakini ule mstari hukuuchora kwa ajili ya beringi. Hukujua hata kama ipo. Mkono wako ulijiendea wenyewe."

"Na mkono huo ni wa nani, baba? Wa jirani?"

"Mstari wa chini ndio ungekatwa, shangazi," Holo akaingilia, "na ninyi nyote mnajua. Nani alisimamisha msumeno? Niliambiwa niangalie tu. Ningetii, Nkwimba angekuwa amekaa nyumbani leo. Na mashine za kusaga nimezichoka kuzihoji, nataka kuhoji baiskeli."

"Uliuliza pia habari za vumbi na harufu ya kinu," Luhende akasema. "Mtu akitupa mawe arobaini, moja litampata ndege."

"Na wewe je, uliyeificha beringi kwenye kopo ukanyamaza?"

"Sikuificha. Niliisafisha." Akafungua kiganja, na kidonda kilikuwa bado kibichi. "Mstari haukati chuma. Swali halikati chuma. Wembe ulipovunjika, mmoja wenu alisema ngoja nimalizie mimi? Mdogo wangu amepita ile kona kwa sababu mkato ulikuwa umenyooka. Kazi ya ufundi ni yangu tangu ujana, na sijawahi kufundishwa na mtu."

"Ulikata ulipoonyeshwa," Kwandu akasema polepole. "Ungeonyeshwa pabaya, ungenyoosha vilevile."

Yule mtu wa kamati akatazama saa. Dereva akapiga honi.

Nkwimba aliilaza ile karatasi juu ya kiti cha baiskeli. Aliniambia baadaye kwamba kilomita zote sitini hakuwahi kuchoka kama alivyochoka pale. Mmoja alimlea. Mmoja alimfundisha kupanda baiskeli. Mmoja ni damu yake, na ilikuwa inaonekana. Wawili kati yao atawaacha wamesimama vumbini, na baada ya miezi mitatu atarudi kuishi nao mtaa mmoja, kula nao sahani moja.

Msiniambie kuhusu shukrani, wote anawashukuru. Msiniambie wapige kura, watajichagua. Na asije mtu akaniambia waende wote, gari lina kiti kimoja, nimeshasema.

Kwa hiyo nijibuni. Aliyefanya jema bila kujua, kwa mazoea ya maisha yake yote, amefanya jema? Aliyeuliza swali moja la maana katikati ya mengi ya ovyo, ana haki kuliko aliyetoka damu? Na aliyetoka damu akikata pale alipoambiwa, amefanya zaidi ya msumeno?

Honi imepigwa mara ya pili. Haya, wewe uliyekaa pale mbele, usiangalie pembeni: shika kalamu. Unaandika jina la nani?